Ugonjwa wa Kutupa Mimba Unapofika Moyoni: Maelezo kwa Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa



Kila mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anaufahamu ugonjwa wa kutupa mimba. Anaufahamu kwa sababu humpokonya ndama aliyemngojea kwa miezi mingi, na pamoja na ndama huyo humpunguzia maziwa ya msimu mzima. Hasara hiyo huhesabiwa kwa lita na kwa shilingi, na aghalabu mazungumzo juu ya ugonjwa huu huishia hapo. Wachache zaidi wanajua kwamba viini vile vile vinavyomfanya ng'ombe atupe mimba humwingia binadamu na kumletea homa ya muda mrefu. Na wachache kuliko hao wote ndio wanaojua kwamba homa hiyo, ikipuuzwa au ikitibiwa nusunusu, yaweza kuufikia moyo na kuuharibu.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wanachama wa vyama vya msingi, hasa wale wanaofuga kandokando ya jiji la Dar es Salaam. Shabaha yake si kumtia mtu hofu. Shabaha ni kuonyesha kwamba safari ya ugonjwa huu, kutoka bandani hadi moyoni, ni ndefu, na kwamba katika sehemu kubwa ya safari hiyo twaweza kuuzuia kwa gharama ndogo: kwa sufuria ya maziwa yaliyochemshwa, kwa kipimo cha damu ya ng'ombe, kwa dawa za wiki 6. Ukiachwa ufike mwisho wa safari yake, gharama huwa ni upasuaji wa moyo, na hata upasuaji huo huja wakati mwingine ukiwa umechelewa.

ASILI YA UGONJWA

Viini vya ugonjwa huu huitwa brusela. Jina hilo limetokana na David Bruce, daktari wa jeshi la Waingereza, ambaye mwaka 1887 alitangaza kuwa amevipata viini hivyo katika wengu za askari waliokufa kwa homa katika kisiwa cha Malta. Ndiyo maana ugonjwa huu kwa binadamu uliitwa kwa muda mrefu homa ya Malta. Mwaka 1897 Bernhard Bang wa Denmark naye alipata kijidudu kinachowafanya ng'ombe watupe mimba, lakini wakati huo hakuna aliyejua kwamba vijidudu hivyo viwili ni ndugu. Udugu wao ulionyeshwa na Alice Evans wa Marekani mwaka 1918.

Katika historia hiyo yote, jambo linalotuhusu zaidi sisi wafugaji ni lile lililotokea Malta mwaka 1905. Daktari mzalendo wa kisiwa hicho, Themistocles Zammit, aliwapima mbuzi waliokuwa wakikamuliwa maziwa ya kuuzwa mjini. Mbuzi hao walikuwa wanene na wenye afya machoni pa watu, na hakuna aliyewashuku. Kipimo kilionyesha kwamba wengi walikuwa na ugonjwa na kwamba viini vilikuwa vikitoka katika maziwa yao. Mwaka 1906 askari walipigwa marufuku kunywa maziwa hayo, na homa ikapungua kwa haraka miongoni mwao. Raia wa kisiwa, ambao hawakuhusika na marufuku hiyo, waliendelea kuugua.

Funzo la Malta ni la kukumbukwa katika kila banda: mnyama anayeonekana mzima aweza kuwa anatoa ugonjwa katika ndoo ya maziwa kila siku. Ng'ombe aliyeambukizwa kwa kawaida hutupa mimba mara moja, na mara nyingi mimba hiyo huwa imepita miezi 5. Baada ya hapo aweza kuzaa vizuri, na mwenyewe akadhani kwamba mambo yamekwisha. Kumbe viini vimo katika kiwele na katika kizazi chake, na vitaendelea kutoka kwa miaka.

Katika nchi yetu ugonjwa huu si mgeni. Taarifa za kitaalamu huutaja kuanzia mwaka 1927 huko Arusha, na tangu hapo umeonekana katika mikoa mingi, kwa ng'ombe wa asili na wa kisasa, kwa mbuzi na kondoo.

HALI YA PEMBEZONI MWA DAR ES SALAAM

Ufugaji wa ng'ombe wa maziwa katika pembe za jiji letu ulipanuka sana katika miaka ya 1980, wakati mishahara ilipopungua nguvu na watumishi wengi wakalazimika kutafuta njia nyingine ya kuzilisha familia zao. Ng'ombe 2 au 3 nyuma ya nyumba waligeuka kuwa ada ya shule na akiba ya nyumba. Tangu wakati huo mji umeongezeka na kuyafikia mabanda. Katika Bunju, Mbweni na Goba upande wa Kinondoni ya zamani, na katika Chamazi, Toangoma na Yombo upande wa Temeke, banda, jiko na kisima mara nyingi vimo katika ua mmoja. Hali ni hiyo hiyo katika Ubungo na Kigamboni, wilaya zilizomegwa kutoka Kinondoni na Temeke.

Ukaribu huu una faida zake, kwa maana mnunuzi wa maziwa yuko jirani. Lakini una hatari tatu ambazo mfugaji wa malishoni hazimpati kwa kiasi hicho. Kwanza, watu wengi wa nyumba moja huhudumia ng'ombe: mama hukamua, watoto hukata majani na kufagia banda, kijana huwasaidia ng'ombe wanapozaa. Pili, ng'ombe wa pembezoni hununuliwa kutoka huku na huku, kwa jirani, kwa dalali au mnadani, na mara chache muuzaji huulizwa kama mnyama amepimwa. Tatu, maziwa ya nyumba nyingi huchanganywa katika chombo kimoja kabla ya kumfikia mlaji. Ndoo moja yenye viini huzitia doa ndoo zote.

Uchunguzi wa maziwa mabichi yaliyokuwa yakiuzwa Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2006, ulikuta dalili za brusela katika maziwa hayo. Hivyo jambo tunalolizungumza haliko mbali nasi.

NAMNA UGONJWA UNAVYOMWINGIA MTU

Njia kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kunywa maziwa mabichi, au kula kitu kilichotengenezwa kwa maziwa ambayo hayakuchemshwa, kama vile mtindi wa maziwa mabichi na jibini laini. Wako wanaoamini kwamba maziwa yakishaganda ugonjwa hufa. Imani hiyo si ya kutegemea. Uchachu wa mtindi huvidhoofisha viini lakini hauviui vyote kwa hakika, hasa mtindi ukiwa bado mchanga.

Njia ya pili ni kugusa. Ng'ombe anapotupa mimba, kitoto kilichotoka, kondo la nyuma na maji ya uzazi huwa vimejaa viini kwa idadi isiyohesabika. Viini hivyo hupenya katika mikwaruzo ya mikono, huingia machoni maji yanaporuka, na hata huvutwa puani pamoja na vumbi la banda. Mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa kwa mikono mitupu yumo hatarini hata kama katika maisha yake hakupata kunywa maziwa mabichi. Wachinjaji, waganga wa mifugo na wafanyakazi wa maabara nao wamo katika kundi hili.

Ugonjwa huu ni nadra sana kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Mgonjwa hana haja ya kutengwa. Kula naye chakula, kukaa naye na kumuuguza hakumletei mtu ugonjwa.

HOMA INAYOKWENDA NA KURUDI

Tangu viini kuingia mwilini hadi dalili kuonekana hupita kwa kawaida wiki 2 hadi 4, na wakati mwingine miezi. Kwa sababu hiyo mgonjwa husahau kabisa siku ile ng'ombe alipotupa mimba, naye haoni uhusiano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Dalili zenyewe hazina alama ya pekee. Kuna homa inayopanda na kushuka, mara nyingi ikizidi jioni. Kuna jasho jingi la usiku, maumivu ya mgongo, nyonga na viungo, uchovu usiolingana na kazi, kukosa hamu ya chakula na kupungua uzito. Wanaume wengine huvimba korodani. Mwanamke mjamzito aweza kuharibikiwa na mimba. Wengine huingiwa na huzuni isiyo na sababu, na jamaa zao huwadhania wavivu.

Dalili hizi zote huweza kuwa za malaria, za homa ya matumbo au za kifua kikuu. Ndiyo maana ugonjwa huu hukosewa mara nyingi. Katika uchunguzi uliofanywa Moshi kati ya mwaka 2007 na 2008, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, walichukuliwa wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Kati yao 528 walidhaniwa kuwa na malaria. Waliothibitika kwamba homa yao ilitokana na malaria walikuwa 14 tu. Wengine 118 walikutwa na magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, na katika hao 16 walikuwa na brusela. Ni kweli kwamba Moshi si Dar es Salaam, na malaria ya pwani si sawa na ya milimani. Lakini takwimu hizo zatufundisha kwamba neno "malaria" likitamkwa kwa mazoea, bila kipimo, laweza kuficha ugonjwa mwingine kwa miezi mingi. Na miezi hiyo ndiyo inayoupa ugonjwa huu nafasi ya kwenda mahali pabaya.

NAMNA MOYO UNAVYOSHAMBULIWA

Moyo ni pampu yenye vyumba 4. Kati ya vyumba hivyo, na katika mishipa mikubwa itokayo moyoni, kuna milango midogo 4 ambayo madaktari huiita vali. Kila moyo unapopiga, vali hufunguka kuipitisha damu na kufunga ili damu isirudi nyuma. Kazi hiyo hufanyika karibu mara 100,000 kwa siku bila kupumzika. Mfugaji ataielewa vizuri akifikiri juu ya bomba la kupandishia maji kisimani: ngozi ya ndani ikichakaa, mtu hupiga bomba mpaka akachoka na maji yakawa yanarudi chini.

Viini vya brusela vina tabia ya kujificha ndani ya chembe zile zile za damu ambazo kazi yake ni kuviangamiza. Vikiwa humo husafirishwa mwili mzima: kwenye ini, wengu, uti wa mgongo na viungo. Kwa wagonjwa wachache hunasa kwenye vali za moyo. Vali iliyokwisha kuwa na kovu hunaswa kwa urahisi zaidi, kwa sababu uso wake si laini tena. Makovu ya namna hiyo huachwa hasa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ile inayofuatia maumivu ya koo yasiyotibiwa. Katika uchunguzi wa wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kazi, uliofanywa Dar es Salaam katika Hospitali ya Taifa Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014, wagonjwa 12 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa vali wa asili hiyo. Kwa hiyo watu wenye vali zilizokwaruzwa wako miongoni mwetu, na wengine hawajui kwamba wanazo. Hata hivyo brusela huweza kuishambulia pia vali iliyokuwa nzima. Inayoshambuliwa zaidi ni ile ya mshipa mkuu upelekao damu mwilini kote.

Viini vikishanasa, vishada vidogo vya damu iliyoganda, vilivyochanganyika na viini, huota juu ya vali. Polepole vali huliwa, hutoboka au huchanika, na huanza kuvuja. Wakati mwingine jipu hutunga kando yake. Vipande vya vishada huweza kumeguka na kuchukuliwa na damu hadi kwenye ubongo, na mtu akapooza upande mmoja ghafula. Hali hii ya uvimbe wa ndani ya moyo madaktari huiita endokaditisi. Kwa nadra zaidi, ugonjwa hushambulia nyama ya moyo yenyewe au mfuko unaouzunguka.

Yafaa kusema wazi kiasi cha hatari hii, ili pasiwe na kutia chumvi wala kupuuza. Kati ya wagonjwa 100 wa brusela, wanaopata endokaditisi ni 1 au 2 hivi. Brusela kwa ujumla huua watu wachache. Lakini katika wale wachache wanaokufa, moyo ndio sababu iliyo kubwa kuliko zote. Kwa maneno mengine, anayeugua brusela ana kila sababu ya kutumaini kupona, mradi homa yake itambuliwe na kutibiwa kabla haijafika huko.

DALILI ZA MOYO ZISIZOFAA KUNGOJA

Mtu aliye na homa ya wiki nyingi na akaona moja ya mambo yafuatayo asingoje siku nyingine bila kwenda hospitali:

1. Kuhema anapotembea mwendo mfupi, au kushindwa kulala chali mpaka aegemee mito.
2. Miguu kuvimba jioni, au tumbo kujaa maji.
3. Moyo kwenda mbio au kupiga bila mpango, na maumivu ya kifua.
4. Kuzimia, au kupooza ghafula mkono, mguu au uso, au kupoteza usemi.

Anayejulikana kuwa na ugonjwa wa vali, au aliyewahi kuwekewa vali ya bandia, asingoje hata dalili hizo. Homa ya siku kadhaa yatosha kumpeleka kwa daktari, naye aeleze kwamba anafuga.

VIPIMO NA MATIBABU

Mfugaji aendapo zahanati na homa, dawa ya kwanza ni maneno yake mwenyewe. Aseme: "Nafuga ng'ombe. Ng'ombe wangu alitupa mimba mwezi fulani. Tunakunywa maziwa mabichi," ikiwa ndivyo. Mganga hawezi kuliona banda lako kutoka mezani pake. Maneno hayo machache humfanya aifikirie brusela na kuagiza kipimo kinachofaa.

Kipimo cha kawaida ni cha damu, ambacho huonyesha kama mwili umekutana na viini hivyo. Kwa kuwa kipimo cha haraka huweza kukosea, daktari aweza kutaka kingine cha kuthibitisha. Njia ya uhakika zaidi ni kuotesha viini kutoka katika damu, lakini huchukua siku kadhaa na wakati mwingine wiki. Wafanyakazi wa maabara ni lazima waambiwe kwamba brusela inashukiwa, kwani viini hivyo huweza kuwaambukiza wao pia. Moyo ukishukiwa, hutumika kipimo kiitwacho eko, ambacho kwa mawimbi ya sauti humwonyesha daktari vali zinavyofunguka na kufunga. Hakina maumivu wala sindano.

Kwa brusela isiyofika moyoni wala kwenye uti wa mgongo, matibabu ya mtu mzima ni dawa mbili kwa pamoja. Aghalabu hutumika doksisaiklini kwa wiki 6, pamoja na rifampisini kwa wiki hizo hizo au sindano za streptomaisini kwa wiki 2 hadi 3. Wajawazito na watoto wadogo hupewa dawa tofauti. Dawa moja peke yake haitoshi, na siku 7 hazitoshi. Hapa ndipo wengi wanapoanguka: homa hushuka katika wiki ya kwanza, mgonjwa hujiona mzima, huweka vidonge vilivyobaki juu ya kabati kwa ajili ya mwingine. Viini vilivyojificha ndani ya chembe hungoja, kisha hurudi. Hata kwa waliomaliza dawa wapo wanaorudiwa, mara nyingi katika miezi 6 ya kwanza, sembuse walioziacha njiani.

Vali ikishashambuliwa, hesabu hubadilika. Dawa huwa tatu au zaidi, muda huwa miezi badala ya wiki, na wagonjwa wengi huhitaji kufunguliwa kifua ili vali iliyoharibika iondolewe na kuwekwa ya bandia. Hapa jijini kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoko Muhimbili, iliyoanzishwa mwaka 2015. Mgonjwa wa Kinondoni au Temeke kwa kawaida huanzia katika zahanati yake, hupitia hospitali ya rufaa kama Mwananyamala au Temeke, ndipo afike huko. Ni bahati kwamba huduma hiyo ipo nchini. Lakini mtu mwenye vali ya bandia ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na nguvu za kubeba ndoo na kukata majani hazirudi daima kama zilivyokuwa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI NA BANDANI

Maziwa yote yanayonywewa nyumbani yachemshwe mpaka yafure, pamoja na ya watoto na ya wageni. Viwandani maziwa hupashwa moto wa nyuzi 63 za Selsiasi kwa dakika 30, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, na brusela hufa. Jikoni kwetu hatuna kipimajoto, na kwa hiyo kuchemka ndiko kipimo chetu. Anayetaka mtindi achemshe maziwa kwanza, ayapooze, kisha ayatie chachu. Kuchemsha hula mkaa, ni kweli, lakini hakuna mkaa unaofikia bei ya vali.

Ng'ombe anapozaa au kutupa mimba, asishikwe kwa mikono mitupu. Glavu ndefu zikikosekana, mifuko ya plastiki isiyotoboka hufaa kwa dharura, na baada ya kazi mikono ioshwe kwa sabuni. Watoto na wajawazito wakae mbali. Kitoto kilichotupwa na kondo la nyuma vifukiwe kwa kina au vichomwe, wala mbwa wasipewe. Mahali hapo pamwagiwe dawa ya kuulia viini, kwani katika unyevu na kivuli viini huishi kwa wiki nyingi.

Ng'ombe aliyetupa mimba atengwe na afisa mifugo aitwe kabla kitu chochote hakijatupwa, ili achukue sampuli. Wakazi wa Dar es Salaam tuna bahati kwamba Maabara Kuu ya Veterinari iko hapa hapa Temeke, chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kumdunga ng'ombe sindano za kiholela hakumponyi ugonjwa huu. Ndama jike huweza kupewa chanjo iitwayo S19 wakiwa bado wadogo, kwa kawaida kati ya miezi 3 na 6, na wakala huo hutengeneza chanjo hiyo hapa nchini. Chanjo hutolewa na mtaalamu tu, kwa maana ni ya viini hai: yaweza kumdhuru mtu ikimchoma, na yaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe.

WAJIBU WA CHAMA CHA MSINGI

Mpaka hapa tumezungumza juu ya mtu mmoja na banda lake. Lakini ugonjwa huu hauwezi kumalizwa na mtu mmoja. Mfugaji aweza kupima ng'ombe wake wote leo, na kesho akaletewa ugonjwa na mtamba aliyenunuliwa na jirani, au na dume la kuazima. Hapa ndipo ushirika unapokuwa na kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya.

Kwanza, kituo cha kukusanyia maziwa ni mahali pa kupimia kundi zima kwa urahisi. Kuna kipimo kiitwacho cha pete: matone ya dawa yenye rangi hutiwa katika maziwa, na pete ya rangi ikijitokeza juu kwenye malai, maziwa hayo hushukiwa. Maziwa ya kila mwanachama yakipimwa hivyo kwa vipindi, chama hujua ni banda lipi linahitaji kupimwa damu, bila kuwasumbua wanachama wote. Kipimo hiki chaweza kudanganywa na ugonjwa wa kiwele au na maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni. Kwa hiyo kisichukuliwe kuwa hukumu, bali mwito wa kumwita mtaalamu.

Pili, chama kiweke kanuni kwamba hakuna mnyama atakayeingia katika zizi la mwanachama, wala mtamba atakayetolewa kwa mkopo wa ng'ombe, bila cheti cha kupimwa.

Tatu, na hili ndilo gumu, ni lazima tuulize kwa nini wanachama huficha. Mwanachama ambaye ng'ombe wake ametupa mimba anajua kwamba akisema ukweli maziwa yake yatakataliwa, na pengine ng'ombe atalazimika kuchinjwa. Ng'ombe huyo ndiye ada ya watoto wake. Basi hunyamaza, na mara nyingi humuuza kwa mtu wa mtaa wa pili, ambaye naye huanza upya mzunguko ule ule. Kumlaumu peke yake hakutoshi. Chama kinachotaka kusikia ukweli kwanza kiufanye ukweli usiwe chanzo cha ufukara. Katika vikao vya mwaka wanachama waweza kukubaliana kukata sehemu ndogo ya malipo ya kila lita na kuiweka katika mfuko wa pamoja, wa kumsaidia mwenzao anayelazimika kumwondoa ng'ombe mgonjwa, iwe kwa fedha au kwa kumpa nafasi ya mbele katika mkopo wa mtamba. Mfuko huo ni mali ya wote kwa sababu hatari ni ya wote.

Nne, makatibu wa vyama waweke daftari la ng'ombe waliotupa mimba, lenye tarehe na jina la mwanachama, na pembeni yake waandike ni nani katika nyumba hiyo amekuwa na homa. Daftari hilo litunzwe kwa siri na lisomwe pamoja na afisa mifugo na mganga wa zahanati. Mambo mawili ambayo kwa desturi huandikwa katika ofisi mbili yakiwekwa katika ukurasa mmoja, yule mganga asiyeweza kuliona banda kutoka mezani pake ataanza kuliona.

Tunapendekeza kwamba jambo hili liingizwe katika ajenda za mkutano mkuu ujao wa kila chama cha msingi chenye wafugaji, na kwamba maazimio yatakayopitishwa kuhusu upimaji, cheti na mfuko yaletwe kwa maandishi katika Chama Kikuu. Hadi hapo, kila mwanachama aliye na homa isiyokwisha aende akapimwe wiki hii, na aseme kwamba anafuga.